Pango la Kutokea Malawi

Nilipoanza kazi niliamini, kwa moyo wote na kwa cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba pango la nyuma ya kijiji chetu, nje kidogo ya Njombe, linatokea Malawi. Mbuzi wa jirani aliingia humo akaonekana ng'ambo ya Ziwa Nyasa, amenenepa mara tatu! Mama yangu mwenyewe alikuwa akituaga kwamba anapita pangoni kwenda sokoni. Nami nilikaa mlangoni mwa pango nikimngoja, hadi arudi siku ya nane na chungu kipya kichwani.

Siku ya kwanza ofisini Makambako, Ofisa Utamaduni aliniuliza, "Unajua njia ya mada ni nini?"

"Ni barabara, mama, ila ina mada."

Alicheka hadi miwani ikamdondoka. Kisha akanifundisha: ni vituo vingi vinavyounganishwa na simulizi moja. Yetu ilikuwa Njia ya Vyungu, kutoka Njombe hadi soko la vyungu la ufukweni, kisha ng'ambo, ambako Malawi wangetengeneza vituo vyao. Akanifundisha pia kuhakiki, yaani kusikia jambo moja kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Pango langu nililihakiki kwa watu thelathini, wote niliocheza nao utotoni.

Mzee Hamisi, msafirishaji wa mizigo, ndiye pekee aliyenibishia. "Lori langu linakwenda kutwa nzima kufika mpakani Kasumulu, wewe una shimo? Nionyeshe basi, bwana, nipumzike kununua dizeli!"

Miaka ikapita, nikahamishiwa Njombe kuwa Mratibu wa Njia. Wageni kutoka Malawi wakaja kukagua. Njombe ikikosa simulizi inayofika kwao, njia ingeanzia ziwani, na jasho langu lote lingebaki kabatini. Nikawaingiza pangoni na tochi. Hatua kumi na mbili, ukuta.

Kiongozi wao akapapasa mwamba. "Bwana Mratibu, Malawi iko wapi?"

Jasho lililonitoka lingemwagilia ekari mbili za viazi. Nje alikuwa ameketi mama mkubwa, dada wa marehemu mama, niliyemleta kutoka kata ya Ramadhani aje kuwaambia wageni "kamwene", salamu ya kwetu. Nikamwita kwa sauti ya kilio, "Mama mkubwa, waambie!"

Akawaambia. Kiongozi akavua kofia, akasema bibi yake naye alikuwa akivuka ziwa kwenda soko hilohilo la vyungu, na watoto aliwaaga kwa uongo mwingine. Njia ikapitishwa, ikianzia pale pale.

Sasa nimestaafu, na nawashukuru wote: ofisa aliyenicheka akanifundisha, Mzee Hamisi aliyenibishia, hata yule mbuzi. Mkifika kituo cha kwanza, someni bango. Niliandika mabango yote ya njia hii, ila hilo lina maneno ya mama mkubwa kama alivyoyasema siku ile:

"Hakuna shimo, mwanangu. Tulikwenda kwa miguu, siku nne kwenda, siku nne kurudi, maharage kichwani. Tuliwaambia pango ili mkae hapa mtungoje, msitufuate njiani mkilia."