Vidole vya Ukoo

Mwanamke mjamzito akifa, kimemuua nini? Usijibu "uzazi." Uzazi si ugonjwa.

Fundi makochi alijibu hivyo hivyo. Mkunga wa zahanati, mwanamke mkavu wa maneno, alimuuliza mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, mama yake alikufa kwa nini. Fundi akadakia: uzazi. Na bibi je? Uzazi vilevile. Mkunga akaweka kalamu chini.

Mke wa fundi alikuwa mrefu hata mtaa mzima ulimwita Twiga, naye akaitika. Miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Upande wa mama yake walikuwa na mchezo wao: mtoto akishajua kuongea, huambiwa azungushe vidole vya mkono mmoja kwenye kifundo cha mkono wa pili. Gumba likipita juu ya kidole cha mwisho, watu hupiga makofi: huyu wetu, damu haipotei. Asiyeweza hutaniwa kwamba aliokotwa jalalani. Twiga aliweza. Binti yao wa miaka sita aliweza pia.

Mkunga aliviona vidole hivyo, akausikiliza moyo kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaandika barua. Alieleza kwamba wapo watu wanaozaliwa na nyuzi legevu, zile zinazoshikilia viungo na mishipa, na ulegevu huo hurithiwa. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni hutanuka kidogo kidogo, na mimba huuongezea mzigo. Waende hospitali kubwa wiki hiyo hiyo, wasingoje kujifungua.

Fundi alipaswa kuelewa kuliko mtu yeyote. Kila siku, barazani pake, alivuta mikanda ya mpira inayobeba mto wa kochi. Uliovutika kupita kiasi aliutupa bila kuomba ushauri, maana huo humkatikia mteja akikaa. Lakini jioni ile alikuja mama mkubwa, dada wa marehemu mama yake Twiga, ndiye aliyemlea. Aliisoma barua, akacheka.

"Mkwe wangu, urefu nao umekuwa ugonjwa? Basi na nguzo za umeme zilazwe wodini."

Hata Twiga alicheka. Akasema safari inamchosha, atakwenda akishajifungua. Fundi akaitumbukiza barua kwenye kopo la misumari. Hakuwa mkatili. Aliona haya kubishana na mkwe, na haya ya namna hiyo imejaza makaburi.

Wiki ya tatu baada ya barua, Twiga akianika nguo, alijishika mgongo katikati ya mabega. Alimwambia mumewe, kama mtu anayeshangaa tu, "Kuna kitu kimechanika."

Walifika hospitali kubwa Twiga akiwa bado amemshika mumewe mkono, na hapo hapo mapokezi mkono ule ukalegea. Mtoto naye hakuwahiwa. Daktari alisema mshipa ulikuwa umepasuka. Ungepigwa picha mapema, kungekuwa na dawa za kuupunguzia nguvu za damu, kitanda karibu na madaktari, na siku ya kuzaa iliyopangwa. Akauliza kama hakuna aliyewaambia. Daktari akaagiza binti apimwe, pamoja na ndugu wote wa damu ile.

Mama na mtoto walizikwa kaburi moja. Waombolezaji waliulizana kilichomuua, wakajibiana: uzazi.

Asubuhi iliyofuata fundi alitoka chumbani akamkuta mama mkubwa sebuleni, amempakata binti, anambembeleza.

"Hebu shika mkono wako, mama."

Binti akazungusha vidole. Gumba likapita. Mama mkubwa akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, na majirani wawili waliolala matangani wakapiga makofi polepole.

Mama mkubwa hakuwahi kushika mimba. Alisimangwa ugumba ujana wake wote, na wifi zake walimwita mti mkavu. Fundi alimtazama, na kwa mara ya kwanza akawaza kwamba labda ugumba ule ndio uliomfikisha miaka sitini. Akalimwaga kopo la misumari mezani, akaiokota barua.

"Vaa viatu," alimwambia binti. Kisha, kwa adabu ile ile ya siku zote: "Na wewe, mama, vaa."

Mama mkubwa aliitazama mikono yake, akaificha chini ya mtandio.