Siti ya Mtu Mmoja

Mume wangu hakuwa mtu wa kuomba ushauri, kwa hiyo siku aliyoniambia nimsaidie kuchagua siti nilifurahi kupita kiasi. Tuliishi Cedar Hill, Texas, yeye akifanya kazi ghalani, mimi nikihudumia wazee majumbani, na katikati yetu kulikuwa na ile pikipiki ya pedali. Aliinunua kwa jirani aliyekuwa akihama. Ilikuwa kitu cha zamani kabisa, kama baiskeli iliyomeza injini. Unakanyaga kwanza hadi iwake. Mwalimu mkuu wake kule Busia alikuwa na ya namna hiyo, na nadhani tangu utotoni hakuwahi kutamani kitu kingine kwa dhati. Hata mimi hakunitamani hivyo.

Ndoto yake ilikuwa kufika Houston kwa binamu yake, kwa barabara za ndani. Kila Jumamosi alitoka, na kila Jumamosi alirudi kutoka Corsicana, hata nusu ya njia hajafika, akitembea kama bata. "Hii siti itaniua," alisema, akijilaza kifudifudi kwenye kochi nami nikimkanda kiuno. Nilimcheka, lakini nilizipenda jioni zile.

Tukaenda kwa muuza vipuri vya zamani, Fort Worth. Yeye alivutiwa na siti nene ya sponji. Nikamwambia sponji ni mwongo: inakubembeleza kidogo, kisha inalala na kukuacha umekalia chuma. Nimewapangia mito wagonjwa wa viti vya magurudumu, najua mwili unaumia wapi. Kwenye pikipiki ile unakaa wima, uzito wote unashukia makalio, kwa hiyo unataka siti pana nyuma, yenye springi imara na ngozi ngumu itakayomzoea mwenyewe polepole. Nilizibonyeza kwa ngumi moja baada ya nyingine, kama mtu anayenunua godoro, kisha nikazikalia palepale, na kitenge changu. Muuzaji akaangalia pembeni. Nikachagua moja ya rangi ya kahawia.

"Na mimi je?" nikamuuliza tukirudi. "Weka nyingine kwenye keria. Nitakaa upande, kama nyumbani."

Akacheka. "Babe, hii engine ni ndogo sana, haiwezi ku-carry watu wawili. Hii ni ya mtu mmoja."

Nilimwamini. Nikamfumia hata kitambaa cha kufunika siti, njano na kijani, jua la Texas lisije likaunguza ngozi.

Alipopata likizo alipita Corsicana bila kusimama. Alinipigia simu kutoka Houston, sauti imejaa kama ya kijana. "Sijaumia hata kidogo," akasema. Nikapiga vigelegele jikoni peke yangu.

Hakurudi. Kwanza alisema amepata kazi nzuri Sugar Land, karibu na Houston, anatafuta nyumba, nitamfuata. Gari letu aliniachia mimi, nami nikaona ananihurumia. Kisha simu zikawa fupi, halafu zikakatika kabisa. Asante ya punda ni mateke, nilikuwa nikiwaambia wenzangu walipoachwa, na walipolia niliwaona wepesi. Sasa nililia nikimwogesha bibi mmoja, naye kwa huruma akaniuliza kama sabuni imeniingia machoni.

Hatimaye binamu yake alinipa anwani, akigugumiza. Nikaendesha gari Jumapili alfajiri, saa nyingi, nikipanga maneno ya kumtukana na mengine ya kumsihi, na ya kumsihi yalikuwa mengi zaidi.

Niliikuta pikipiki imefungwa kwa mnyororo chini ya ngazi za ghorofa. Kitambaa changu kilikuwa bado juu ya siti, kimepauka. Nyuma yake, kwenye keria, kulikuwa na siti ya pili.

Mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akianika nguo akanisalimia. "Unatafuta benye nyumba, mama? Bwana na bibi yake bameenda ku kanisa. Bamechukua gari ya bibi."

Nilimshukuru. Alipoingia ndani, niliinama nikaibonyeza siti ile ya nyuma kwa ngumi. Haikuwa sponji. Ilikuwa ngozi ngumu, pana nyuma, yenye springi imara, na chini yake alikuwa amefunga vibao viwili vya kukanyagia, miguu ya mwenzake isining'inie. Alikuwa amemchagulia vizuri.