Mishale ya Mama

Juzi mnadani Same nilimwona mtu akipinda mishale kupima ugumu wake, nikamkumbuka mjomba. Wakati ule dukani hapakuwa na unga, na mama alilinda mahindi yetu Kisiwani yasiliwe na nyani. Mjomba alimchagulia mishale myembamba iliyonuka moshi, ile minene akabaki nayo. Nikashuku kwamba anatupunja, basi nikambadilishia mama mmoja kwa siri.

Nyani walipokuja, mshale wa mama ulikwenda kando. Walivunja mahindi wakibweka.

“Nani kakupa huu mgumu?” mjomba aliuliza. “Upinde wako ni laini, dada. Mgumu lazima upotee.”

“Niliuchukua mwenyewe, kaka,” mama alijibu.

Mjomba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.