Mabenchi Matatu ya Mama

Mama alikuwa na mabenchi matatu kanisani. Si ya kukalia, ya kufagia. Kila Jumamosi asubuhi wanawake wa parokia yetu ya Likasi hugawana kanisa kama shamba. Sehemu yake, kwa miaka ambayo hata yeye aliacha kuihesabu, ilikuwa mabenchi matatu ya mwisho upande wa kushoto, pale vumbi la malori ya mgodi wa Kamatanda linapoingia dirishani na kutulia kama limekuja kusali.

Alipougua, wiki ya sita bila kufagia, alianza kutuuliza swali moja.

"Miye nitapokelewa?"

Dada yangu mdogo, aliyeokoka katika kanisa la uamsho huko Kikula, alikuwa na jibu tayari. Akamshika mkono.

"Mama, wokovu haina salongo." Salongo, kwetu, ni ile kazi ya kusafisha mtaa ambayo serikali humlazimisha kila mtu. "Yesu alishamaliza yote. Sema tu: nimeokoka."

"Muntu akifika ku mulango ya watu, anasema 'nilishaingia'? Anapiga hodi, anangoja."

"Mulango iko wazi, mama."

"Basi acha nipanguse miguu kwanza."

Nilicheka. Kisha, kwa kuwa nimesoma chuo kikuu na ugonjwa huo hauna dawa, nikaanza kufundisha. Nilimweleza Paulo, kwamba tunahesabiwa haki kwa imani. Nikamweleza Yakobo, kwamba imani bila matendo imekufa. Nikawapatanisha mitume hao wawili kwa robo saa nzima, kwa ufasaha ambao wanafunzi wangu wangeuandika daftarini. Mama alinitazama mpaka nikamaliza.

"Sasa weye unasema ndiyo ao hapana?"

Nikamrekebishia mto.

"Basi Jumamosi uende ufagie mabenchi yangu," akasema.

Dada yangu, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akaguna. "Yaya akifagia, itakusaidia weye namna gani?"

Ilikuwa hoja nzuri kuliko zangu zote.

"Sisemi itanisaidia," mama akajibu. "Nasema iko chafu."

Jumamosi nilikwenda. Wanawake walinitazama kama ng'ombe aliyeingia sebuleni.

"Profesa, ufagio haishikwi sawa kalamu," akasema mama mmoja mzee aliyekuwa akifagia karibu na mlango.

"Umuache," mwingine akadakia. "Leo ndo anaanza masomo."

Vumbi halikuwa jingi kama nilivyotarajia, nami nikajisifu kwamba nina mkono mwepesi. Nilimaliza mabenchi mawili. La tatu, la ukutani, ni zito na fupi. Ili kufika chini yake lazima upige magoti na kupenyeza mkono wenye kitambaa. Nilikuwa na mgongo unaouma, na suruali ya kazini. Nani huangalia kule? Nikarudi nyumbani.

Mama hakuuliza habari za mtu yeyote.

"Ile ya ku ukuta, ulifika chini?"

"Nilifika, mama."

Uso wake ukalegea. "Basi," akasema. "Sasa niko muzuri."

Hakuuliza tena kama atapokelewa. Alifariki Jumatano.

Msibani dada yangu alimwambia kila aliyeketi kwamba mama aliondoka na uhakika wa wokovu. Kisha akanigeukia. "Yaya, weye ulikuwa pale. Si alikuwa na uhakika?"

"Ndiyo," nikasema. Hatimaye nilikuwa nimejifunza kujibu kwa neno moja.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kanisani na kitambaa. Yule mama mzee wa karibu na mlango aliniona nikiinama kwenye benchi la ukutani.

"Pale iko safi, Profesa."

Nikamwambia ukweli, kwamba sikufika chini, na kwamba nilimdanganya mama.

"Tuliona," akasema. "Ulipotoka nikarudilia. Tangu wiki ya kwanza mama yako alilala, tunamufagilia. Zamu yake haikulala hata siku moja."

"Mbona hamkumwambia?"

Alisimamisha ufagio wake.

"Tulifikiria anajua."

Wiki sita. Nilipiga magoti palepale, nikapenyeza mkono. Palikuwa safi. Nikapafuta hata hivyo.