Tanuri Nililolizima

Nilipoombwa kukitunza kile kifaa cha kupima hewa, niliambiwa nimechaguliwa kwa sababu ni msomi na nyumba yangu ina bati imara. Sina hakika ni sifa ipi ilitangulia. Kilikuwa kiboksi cheupe, ukubwa wa mkate, kikafungwa juu ya paa langu hapa Msamala. Kifeni kidogo kilivuta hewa, mwale wa leza ukaimulika, na kila chembe ya vumbi au moshi iliyokatiza ikahesabiwa. Vingine kama hicho vilifungwa Majengo, Peramiho na kwingineko mkoani, vyote vikituma hesabu mtandaoni. Mimi niliziona kwenye simu kwa rangi: kijani hewa safi, nyekundu hewa mbaya.

Kazi yangu ilikuwa moja. Kila Jumamosi nipande ngazi, nifungue kifuniko, nipitishe brashi kwenye tundu la kuingizia hewa, kisha niandike kwenye daftari: "Nimesafisha." Kuandika sikuwahi kukosa. Ngazi ndiyo ilinishinda. Nina kitambi na nina shahada, na vyote viwili huniambia kwamba paani ni mahali pa mafundi.

Mwezi wa kumi na moja kifaa changu kikawa chekundu. Siku chache baadaye jirani yangu, mjane ninayesali naye jumuiya moja, akawasha tanuri lake la matofali. Tangu mumewe afariki alikuwa akiishi uani kwa shemeji yake. Kiangazi chote alifyatua tofali kwa mikono yake ili ajenge vyumba viwili ahame. Mvua zilikuwa zinakaribia.

Niliangalia moshi, nikaangalia simu, nikaunganisha. Chati ilionyesha wazi kwamba wekundu ulianza siku nne kabla ya tanuri kuwashwa. Niliiona. Nikajiambia labda alikuwa akijaribu kuni.

Nilimpelekea simu mwenyekiti wa mtaa, naye akavutiwa sana na rangi. Siku ya pili ya moto tukaenda pamoja.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilimsalimu.

"Milele amina, mwalimu." Huku kwetu kila mwenye miwani ni mwalimu. "Mmekuja kuchoma viazi?"

Mwenyekiti akaeleza malalamiko ya wananchi. Mwananchi nilikuwa mimi peke yangu.

"Tanuri halizimwi katikati," alisema yule mama. "Nikitoa kuni leo, tofali hazijaiva na si mbichi tena. Nizifanyie nini?"

"Kifaa kinapima kwa leza, mama," nilisema. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu yote.

"Na hiyo leza imekuambia ni moshi wangu?"

"Imesema."

Haikusema kitu. Inahesabu tu, haijui jina la moshi wala la jirani. Hilo nililijua. Mwenyekiti akaagiza moto uzimwe. Yule mama akatoa magogo moja moja, akayamwagia maji, bila kututazama.

Wiki iliyofuata mvua ikanyesha. Tofali za pembeni zikalainika kama mkate kwenye chai.

Kisha akaja fundi wa vile vifaa, binti mdogo, akapanda paani kwangu kama anayepanda kitandani. Akafungua kifuniko akacheka. Buibui alikuwa amefuma utando ndani, na kwa siku zote zile leza ilikuwa ikihesabu utando. Akapitisha brashi. Hata chai haijapoa, simu yangu ikawa kijani.

"Ulisafisha lini mara ya mwisho, mzee?"

"Jumamosi."

"Ya mwaka gani?"

Jioni hiyo nilikwenda kwa jirani. Nilimkuta akichagua tofali chache zilizoiva katikati ya tanuri.

"Mama, kumetokea hitilafu ya kiufundi katika mfumo wa—"

"Sema Kiswahili."

"Buibui," nilisema. "Aliingia kwenye kifaa."

"Lini?"

"Kabla hujawasha."

"Na nani alitakiwa kumwona?"

"Mimi. Kila Jumamosi."

Alifuta mikono kwenye kanga, polepole. "Tofali zimeshakwenda. Ila watu wanasema nilikuwa nawakohoza watoto wao. Kaseme kwenye jumuiya hayo uliyoniambia, kama ulivyoniambia."

Nikaahidi. Tulipokutana nikasimama. Lugha yetu ina kauli ya kutendwa, nami siku ile niliitumia mpaka ikachakaa. Kifaa kiliingiliwa. Vipimo vilivurugwa. Taarifa zilitolewa. Tanuri likazimwa. Katika maneno yangu yote hakuna mtu hata mmoja aliyefanya jambo.

Kiongozi wetu akanisifu kwa unyenyekevu, akaomba tukiombee kifaa. Tukakiombea. Watu wakaitika amina.

Yule mama hakuitika. Alibaki amesimama wenzake walipokaa.

"Mwalimu, malizia."

"Nini, mama?"

"Umeacha Jumamosi. Malizia."

Watu wote wakageuka kunitazama, kwa upole kabisa, maana walikuwa wametoka kunisifu. Nilikuwa na sentensi tayari. Ina maneno mawili: sikupanda, niliandika.

Nikasema nimemaliza.

Bado anaishi uani kwa shemeji yake. Mimi nikienda mjini nazungukia njia ya juu, isiyopita hapo uani. Ni mbali zaidi, na ina kilima.