Pini Midomoni mwa Fundi

Fundi cherehani, jirani yangu, hakuacha kamwe kubana pini midomoni akishona. Akikasirika, ilimbidi kwanza azitoe na kuzichomeka moja moja kwenye kimto alichokifunga mkononi, na mdomo ukishakuwa mtupu, hasira nayo imeshapoa. Asubuhi moja wifi yake, aliyekuwa akimsaidia kupiga pasi, aliunguza gauni la bibi harusi kiunoni, na harusi yenyewe ilikuwa alasiri ile ile. "Nifukuze tu, wifi," alilia. Fundi alichomeka pini zake moja moja, mimi na wifi yake tukimtazama. Mara mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Hivi kaka yangu alioa mke au alioa moto? Futa machozi, lete mkasi."

Wakakaa goti kwa goti wakishonea maua ya kitambaa juu ya doa, vicheko vyao vikisikika hadi barabarani. Bibi harusi alipokuja, alijizungusha mbele ya kioo, akasema maua ameyapenda kuliko gauni. Mimi bado nilikuwa nimemnunia wifi yake kwa kuliunguza gauni, na fundi aliniona. "Jirani," aliniambia akifunga mlango, "hasira ilikuwa yangu na nimeshaitupa, wewe unaiokota ya nini? Twende harusini tukacheze."