Binti Aliyesoma Kipimo cha Ziwa

Juzi nilikuwa sokoni Mpanda nachagua dagaa, muuzaji akaongeza sauti ya redio. Mtaalamu mmoja alikuwa akieleza jinsi maji ya Ziwa Tanganyika yanavyopimwa, kisha akawaonya wavuvi wa Ikola wasitoke kwa siku mbili, upepo utakuwa mkali. "Huyu dada anatusaidia sana, mama," muuzaji akaniambia. "Mume wangu hatoki mpaka amsikie." Nikachukua mfuko wangu nikaondoka nimenuna. Sauti ile naijua. Ni ya binti wa jirani yetu, na nakuambia ukweli, mpaka leo inanichoma.

Tulikulia Ikola pamoja. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya mwisho kabla ya maji, mchanga unaingia hadi jikoni, na chanja za kuanikia dagaa zilianzia mlangoni. Asubuhi palinuka samaki wabichi na moshi wa kuni, na kazi yangu ilikuwa kugeuza dagaa kabla ya kwenda shule. Hatua chache kutoka hapo kulisimikwa kipimo cha maji, mti mrefu wenye namba nyeusi. Mwalimu akatangaza kwamba mwanafunzi mmoja atakisoma kila siku na kuandika kwenye daftari, ili kijiji kijue ziwa linapanda au linashuka.

Nilikuwa na hakika ni mimi. Nani mwingine aliishi pale? Akachaguliwa binti wa jirani, aliyekaa kule juu na viatu vyake visafi, eti kwa sababu mimi nachelewa shule. Nachelewa kwa nini kama si dagaa! Kila asubuhi nilimwona mbele ya kipimo changu, anaandika kwa madaha, na kijiba cha roho kikanikaba. Nilimwambia namba zake mbaya. Akacheka tu.

Siku moja alinijia mbio. "We, mwambie bibi ahamishe dagaa. Maji yamepanda wiki nzima, upepo ukija tu yanafika kwenu."

Bibi alikuwa jikoni anasonga ugali, hatua tano kutoka niliposimama. Dagaa zile ndizo zilizokuwa zitulishe hadi mvua zijazo. Nikanyamaza. Sikutaka kumsikia bibi akimsifia.

Kesho yake mchana upepo ukaja. Mawimbi yalibeba chanja zote, ukuta wa jiko ukalala. Bibi alisimama ndani ya maji na bakuli, akiokota dagaa moja moja.

"Kweli hakuna hata mtu mmoja aliyeona haya maji yanakuja?"

"Hakuna, bibi."

Siku hizi ufukwe wetu wote uko chini ya ziwa, nyumba na mchanga wake, na bibi naye hayupo. Hadi uzee wake aliwasimulia wageni kwamba ziwa lilimvamia ghafla, bila mtu yeyote kujua, na mimi nilikuwa nimeketi pembeni yake, naitikia kwa kichwa.